Filamu ambayo "hakuna kinachotokea": kwa nini watazamaji wa Pather Panchali hawakubaliani hadi leo?

Huenda nawe umewahi kukaa katika kibanda umiza filamu ikaanza taratibu, na kabla dakika kumi hazijaisha mtu wa nyuma akapiga kelele: "Peleka mbele!" Wengi wetu tumezoea filamu ya ngumi, magari na risasi, au ile ya Kihindi yenye nyimbo sita na harusi mwishoni. Sasa tuchukue filamu ya zaidi kidogo ya saa 2, isiyo na rangi, isiyo na ngumi, isiyo na harusi, ambayo sehemu kubwa yake ni watoto wawili wanazurura kijijini. Je, mtu wa nyuma angenyamaza?

Filamu hiyo ipo. Inaitwa Pather Panchali, jina la Kibengali ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulifasiri kuwa "Wimbo wa Njia". Ilitengenezwa India na ikatoka mwaka 1955. Tangu wakati huo watazamaji wamegawanyika. Wapo wanaosema ni miongoni mwa filamu bora kuliko zote duniani. Wapo wanaosema inachosha. Na wapo waliokasirika kabisa wakisema inaidhalilisha nchi yao.

Tumeona tuyaeleze maoni hayo moja baada ya jingine, kwa sababu yanamhusu kila mtu aliyekulia kijijini. Ubishi wenyewe si wa filamu tu. Ni ubishi wa nani anayestahili kuonyesha maisha ya kijiji, na ayaonyeshe vipi.

Filamu inahusu nini?

Kuna familia moja katika kijiji cha Bengal, mashariki mwa India. Baba, Harihar, ni kuhani wa Kihindu mwenye kipato kidogo na ndoto kubwa ya kuwa mwandishi. Mama, Sarbajaya, ndiye anayehangaika chakula kipatikane. Wana watoto wawili: binti aitwaye Durga na mdogo wake wa kiume, Apu. Nyumbani humo anaishi pia bibi kizee sana, Indir, jamaa wa mbali wa baba ambaye watoto wanamwita shangazi.

Durga ana tabia ya kuokota mapera katika bustani ya jirani na kumpelekea bibi. Bustani hiyo zamani ilikuwa ya familia yao, ikachukuliwa kwa sababu ya deni. Jirani analalamika. Mama anaona aibu, na hasira yake inamwangukia binti na yule bibi, ambaye anamwona ni mdomo wa ziada wa kulisha.

Siku zinapita. Mchuuzi wa peremende anapita, watoto hawana hela, wanamfuata hivyo hivyo na mbwa naye anafuata nyuma. Siku moja Durga na Apu wanakwenda mbali na nyumbani, wanakuta nguzo za nyaya, wanatega sikio kusikia zinavyovuma, kisha katikati ya majani marefu yenye maua meupe wanaliona garimoshi. Wakirudi wanamkuta bibi ameketi njiani. Durga anamtikisa. Bibi amekwisha kufa.

Baba anaondoka kwenda mjini kutafuta kazi. Anakaa miezi. Mvua zinaanza, Durga anacheza mvuani, anashikwa na homa, na usiku mmoja wa dhoruba anafariki. Baba anarudi na zawadi, akiwa na sari aliyomnunulia binti yake, bila kujua. Mwishoni familia inapakia vitu vyake kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kuhama.

Sasa jiulize. Vifo viwili, tuhuma za wizi, ugomvi wa majirani, dhoruba, na familia kuhama kijiji cha mababu. Hivi kweli ni filamu ambayo hakuna kinachotokea?

Maoni ya kwanza: "Inachosha"

Tusiwacheke wanaosema hivyo, kwa maana wamo hata watu wazito. Filamu ilipofika New York mwaka 1958, Bosley Crowther, mhakiki wa gazeti la New York Times, aliandika kwamba imelegea kiasi kwamba Hollywood isingeihesabu kuwa kazi iliyokamilika. Hata hivyo watazamaji wa mji huo hawakumfuata. Iliendelea kuonyeshwa katika ukumbi mmoja kwa zaidi ya nusu mwaka.

Nchini Ufaransa, inasimuliwa kwamba François Truffaut, wakati huo kijana mhakiki ambaye baadaye alikuja kuwa mwongozaji maarufu, alitoka ukumbini filamu ikiwa haijaisha, akisema hana hamu ya kutazama wakulima wanaokula kwa mikono. Sisi tunaokula ugali kwa mkono tunajiuliza kosa liko wapi. Lakini maneno hayo yanatufundisha jambo: mara nyingine mtu anaposema filamu "inachosha", anachomaanisha ni kwamba watu waliomo haoni kama wanamhusu.

Hata Calcutta kwenyewe, ilipoanza kuonyeshwa Agosti 1955, siku za mwanzo kumbi hazikujaa. Watu waliokuja ndio waliokwenda kuwaambia wengine, na baada ya wiki moja au mbili tiketi zikaanza kugombewa. Habari ilisambaa kama habari zinavyosambaa kijijini, kwa mdomo.

Kwa nini inakwenda polepole?

Kuna sababu, na si kwamba mwongozaji hakujua kazi. Ukitazama kwa makini utaona mambo matatu.

La kwanza ni kusubiri. Mtu aliyeishi na mama ambaye mume wake amekwenda mjini kutafuta anaijua hali hiyo. Hakuna simu. Barua inakuja au haiji. Mama anauza vyombo vya ndani kimoja kimoja. Kama filamu ingeruka miezi hiyo kwa maandishi ya "baada ya miezi kadhaa", tungeelewa kwa akili tu. Ikituketisha tusubiri naye, tunaelewa kwa mwili. Barua inapofika hatimaye, hata wadudu wanaorukaruka juu ya maji ya bwawa wanaonekana kama wanacheza ngoma.

La pili ni kwamba kila kitu kidogo kinachoonyeshwa kinarudi baadaye. Mapema kuna kisa cha mkufu wa shanga uliopotea kwa jirani. Durga anatuhumiwa, anakana, mama anampiga. Wewe mtazamaji huelezwi ukweli. Muda mrefu baadaye, Durga akiwa amekwisha kufa na familia inafungasha, Apu anautoa mkufu ule mahali ulipofichwa. Hamwambii mtu. Anakwenda kuutupa bwawani. Majani yaliyofunika maji yanafunguka, kisha yanajifunga taratibu, na siri ya dada imezikwa. Tukio hilo halina neno hata moja. Lakini aliyekuwa ameomba "peleka mbele" hawezi kulielewa, kwa kuwa hakuukumbuka mkufu.

La tatu ni kwamba hakuna mbaya wa filamu. Tumezoea kumtafuta adui, tumchukie, na mwishoni apigwe. Hapa mama anamfukuza bibi kizee, lakini ni mama huyo huyo anayelala na njaa ili watoto wale. Jirani mwenye bustani ana mdomo mchafu, lakini mwishoni naye anaonyesha huruma. Watu wa namna hii wanahitaji muda, kwa sababu ukiwaona kwa dakika tano utawahukumu vibaya.

Sisi watu wa redio tuliguswa zaidi na jambo la sauti. Baba anaporudi na kuitoa ile sari, mama anavunjika kwa kilio. Kinywa kinafunguka lakini sauti yake hatuisikii. Badala yake kinalia chombo cha nyuzi, kwa sauti ya juu inayochoma. Muziki wa filamu ulitungwa na Ravi Shankar, yule mpiga sitar aliyekuja kujulikana ulimwenguni kote, na ulirekodiwa katika kikao kimoja cha takriban saa 11. Kilio usichokisikia kinakaa masikioni kuliko ukisikiacho.

Maoni ya pili: "Haya ndiyo maisha yetu"

Kundi hili linatoka pembe nyingi za dunia. Katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1956, filamu ilipewa tuzo ambayo jina lake ni kama kusema "ushahidi bora wa ubinadamu". Akira Kurosawa, mwongozaji mkubwa wa Japani, miaka mingi baadaye aliwaambia watu kwamba asiyeziona filamu za mtengenezaji huyu amekosa kitu kikubwa kama asiyewahi kuona jua au mwezi.

Lakini nguvu ya maoni haya haiko kwa wakubwa. Iko kwa mtu wa kawaida anayetazama watoto wakimfuata mchuuzi wasiyeweza kununua kwake, akakumbuka mwenyewe alivyomfuata muuza barafu au muuza kashata. Aliyewahi kukimbilia barabarani kuona lori la kwanza kupita kijijini ataijua furaha ya Apu alipoliona garimoshi. Aliyechapwa kwa kosa la ndugu yake ataijua sura ya Durga. Bengal ni mbali, lugha ni ngeni, lakini hakuna anayehitaji mkalimani wa mapera ya kuiba.

Na kuna ile homa. Durga anakufa kwa sababu alilowa, nyumba ni bovu, baba yuko mbali, na msaada uliopatikana ni mdogo na umechelewa. Filamu haitoi hotuba kuhusu afya. Haisemi nani alaumiwe. Inakuonyesha tu mama anavyoushikilia mlango usiku ili upepo usiusukume. Mzazi aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa, akisikiliza mvua na kuhesabu umbali wa zahanati, hatasema kwamba hakuna kinachotokea.

Maoni ya tatu: "Wanauza umaskini wetu"

Haya ndiyo maoni makali zaidi, na hatutaki kuyapita juu juu.

Tangu mwanzo walikuwepo maofisa wa India waliokuwa na wasiwasi wa kuipeleka filamu nje. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka 1947, ilikuwa inajenga viwanda na mabwawa, na wao hawakupenda dunia ione nyumba inayobomoka na bibi aliyevaa matambara. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru aliitazama, ikamgusa, naye akaunga mkono ipelekwe Cannes.

Mwaka 1980 hoja ilirudi kwa nguvu. Safari hii aliyesema ni Nargis, yule nyota wa filamu ya Mother India ya mwaka 1957, ambayo wazee wengi wa kwetu waliipenda. Akiwa mbunge, alimshutumu mwongozaji wa Pather Panchali kwamba anapata sifa ughaibuni kwa kuonyesha umaskini wa India, badala ya kuonyesha India mpya.

Tusikimbilie kumlaumu. Sisi pia tunakasirika tunapoona picha za Afrika katika vyombo vya nje, daima mtoto mwenye nzi usoni, daima bakuli tupu. Anayekasirika ana haki. Tena, Satyajit Ray, mwongozaji wenyewe, hakuwa mtu wa kijijini. Alizaliwa Calcutta mwaka 1921, akafanya kazi ya kuchora matangazo katika kampuni ya biashara. Kijiji alikijua kwanza kwa kusoma riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, iliyotoka mwaka 1929, ambayo filamu imetokana nayo. Mtu wa mjini anapokuja na kamera kijijini, swali la "umekuja kutafuta nini?" ni swali halali.

Jibu letu ni hili: tazama anachofanya na kamera hiyo. Picha inayouza umaskini humwonyesha maskini akisubiri kuhurumiwa, asiye na jina, asiye na utani, asiye na kosa. Katika Pather Panchali, Indir ana meno machache lakini ana vichekesho na ujeuri wake. Durga ni mwizi mdogo mwenye huruma. Apu anamchokoza dada yake na anapigwa makofi. Mama ana kiburi, hataki kuomba. Hawatuangalii sisi ili tuwape kitu. Wana shughuli zao.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kipimo cha filamu ya kijiji hakiko kwa mgeni aliyelia ukumbini wala kwa kiongozi aliyeona aibu. Kiko kwa aliyeishi ndani ya mtungi huo. Akisema "ndivyo ilivyo", basi filamu imesema kweli. Akisema "hawa si sisi", tuzo za Ulaya haziwezi kuiokoa.

Ilivyotengenezwa: hadithi nyingine ya uvumilivu

Hata utengenezaji wake ulikwenda polepole, na si kwa kupenda. Ray alianza kupiga picha Oktoba 1952, akitumia siku za mapumziko ya kazi yake. Mpigapicha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kushika kamera ya filamu. Waigizaji wengi hawakuwa na uzoefu. Mtoto aliyeigiza Apu alionwa na mke wa Ray akicheza jirani na nyumbani kwao. Chunibala Devi, aliyeigiza bibi, alikuwa mwigizaji wa zamani mwenye umri wa miaka kama 80.

Siku ya kwanza walipiga sehemu ya tukio la watoto katika uwanja wa maua meupe. Waliporudi wiki iliyofuata kumalizia, ng'ombe walikuwa wamekwisha kuyala maua yote. Mkulima yeyote aliyewahi kukuta mifugo shambani atacheka kwa uchungu. Ilibidi wasubiri msimu mwingine maua yachanue.

Fedha ziliisha. Ray aliuza vitabu na santuri zake, na vito vya mke wake vikawekwa rehani. Hatimaye serikali ya jimbo la West Bengal ikatoa fedha. Inasimuliwa kwamba kwa kuwa jina la filamu lina neno "njia", kwenye vitabu vya serikali fedha hizo ziliandikwa kuwa za kuboresha barabara. Gharama yote ilikuwa takriban rupia 150,000.

Kwa miaka hiyo karibu 3, Ray alihesabu bahati tatu: sauti ya mtoto wa kiume haikubadilika, binti hakukua ghafla, na bibi kizee hakufa. Baadaye aliendeleza maisha ya Apu katika filamu nyingine mbili, Aparajito ya mwaka 1956 na Apur Sansar ya mwaka 1959. Mwaka 1992 alipewa tuzo ya heshima ya Oscar akiwa mgonjwa kitandani Calcutta, na wiki chache baadaye, Aprili 23, akafariki.

Ukitaka kuitazama

Filamu ya saa 2 hula kifurushi, kwa hiyo ukipata mahali penye intaneti ya bure au flashi ya mtu aliyeinunua kihalali, tumia nafasi hiyo. Lugha ni Kibengali, na maandishi ya chini mara nyingi huwa ya Kiingereza. Kama nyumbani yupo anayesoma, awasomee wengine. Lakini usiogope, kwa sababu sehemu nzuri kuliko zote hazina maneno.

Usiitazame ukiwa na haraka. Itazame jioni, kazi zimekwisha, na ikiwezekana mkae na mzee. Msimamishe filamu akitaka kusema kitu, kwa maana atataka. Atawaambia habari za mchuuzi wa enzi zake, za barua iliyokaa miezi bila kufika, na pengine za ndugu ambaye hamkuwahi kumjua, aliyekwenda kwa homa msimu fulani wa mvua.

Na kama baada ya kuitazama bado unaona inachosha, hilo nalo ni maoni, na hujakosea adabu kuyasema. Ila jiulize kwanza: ni filamu iliyokuchosha, au ni kwamba hatujazoea kuyaona maisha kama yetu yakipewa muda wa kutosha?